Hapa Hakuna Aliyezidi Muda

Mjomba alitoka selo akichechemea, na Inspekta Sindano ndiye aliyemfungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Angeweza kumtuma konstebo. Lakini alikuwa amemlaza mtu huyo sakafuni kwa tuhuma ya kumwiba mtoto wa dada yake, na asubuhi hiyo daktari wa mifupa alimwambia kwenye simu, bila kumung'unya maneno, kwamba siku anayodaiwa kwenda kumchukua mtoto kwenye nyumba ya mahabusu ya watoto, mtuhumiwa alikuwa wodini katika mji mwingine, kama alivyojitetea bila kuaminiwa, mguu umening'inizwa juu, plasta kutoka nyayoni hadi pajani. Mtu wa namna hiyo haendi hata msalani, sembuse kwenda kuiba mtoto.

Askari wenzake walimwita Sindano, na si kwa wembamba, maana mwili alikuwa nao wa kutosha. Walimwita hivyo kwa tabia yake ya kupenya kwenye tundu dogo na kutokea upande wa pili akiwa bado anavuta uzi. Safari hii alikuwa amechoma pabaya, na alijua. Alimwomba mjomba radhi. Mjomba aliweka mkongojo wake kwapani, akapita mbele ya benchi alilokaa dada yake, akasimama kidogo kama mtu mwenye neno la kusema, kisha akashika njia.

Dada mtu alibaki ameinamisha uso. Alikuwa fundi wa mapazia, mwanamke mfupi mwenye vidole vilivyojaa alama za pini. Kwa mwaka na ushee alikuwa amemchukia ndugu yake wa tumbo moja, akaapa kwamba hata msibani wasionane, na sasa chuki ile yote haikuwa na pa kukaa.

Binti yake walimwita Kasuku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Alikamatwa akiwa na miaka kumi na miwili kwa tuhuma ya kuiba simu ya jirani. Hakimu alitamka kwa sauti, mama mwenyewe akisikia, kwamba sheria hairuhusu mtoto kushikiliwa zaidi ya miezi mitatu akingoja kesi. Ikifika hapo, kesi iwe imesikilizwa au la, anarudi kwao. Mama aliyashika maneno hayo kama mtu anayeshika kamba ndani ya kisima. Miezi mitatu ilipotimia alikwenda kumchukua mwanawe, na langoni akaambiwa kwamba mtoto ameshaachiwa, mjomba wake amekuja kumchukua. Tangu hapo alipigwa danadana. Polisi walimpeleka ustawi wa jamii, ustawi wa jamii wakampeleka mahakamani, mahakamani wakamwambia mwenye simu alishahama mji na kesi haijaitwa tena.

"Kama si kaka yangu," alimuuliza Inspekta, "basi mwanangu kachukuliwa na nani?"

Inspekta alimwambia hajui, na ndiyo maana anarudi kule kwenye nyumba ya watoto. Mama akasema naye anakwenda. Alielezwa kwa utaratibu kwa nini haifai. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kukaa kiti cha nyuma cha gari na kufunga mkanda.

Mlinzi wa lango la nyumba ya watoto alikuwa mtu wa makamo aliyevaa koti kubwa kuliko yeye. Maelezo yake Inspekta alikuwa ameshayachukua mara moja. Sasa alimtaka ayarudie, akaegemea nguzo ya lango kama mtu asiye na haraka. Mlinzi aliyarudia neno kwa neno, kama mwanafunzi aliyekariri shairi: mjomba alifika asubuhi, amevaa kofia, akaingia ofisini, akatoka amemshika mtoto mkono, wakavuka barabara wakikimbilia basi.

"Walikimbia?"

"Walikimbia, afande."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

Ndipo Inspekta akamweleza habari ya plasta. Hakupandisha sauti. Alimweleza pia kwamba yule aliyelazwa selo kwa maneno yake ametoka leo, na kwamba mama wa mtoto yumo kwenye lile gari pale, kwa hiyo kama anaiamini hadithi yake ya kukimbilia basi, aende akamsimulie. Mlinzi alilitazama gari.

"Niliambiwa niseme mjomba," alisema. "Kila mtoto ana mjomba."

"Kwa hiyo alitokaje?"

"Kwa gari la hapa hapa."

"Na gari liliporudi, alikuwamo?"

"Mimi kazi yangu kufungua lango, afande. Ndani ya gari siangalii."

Zaidi ya hapo halikupatikana neno. Alijificha ndani ya koti lake, na Inspekta akamwacha na konstebo mmoja ili asije akapiga simu ndani.

Ofisi ya mkuu wa nyumba ilinukia dawa ya kung'arisha sakafu. Mkuu mwenyewe alikuwa nadhifu na mpole, sauti yake ya kuongoza vikao. Aliposikia mlinzi ameacha hadithi ya mjomba, hakushtuka. Alivua miwani, akaifuta, akasema ni kweli, hapo walikosea. Siku mtoto alipotimiza muda hakuna ndugu aliyekuwapo langoni asubuhi, na sheria haimruhusu kumlaza hata usiku mmoja zaidi. Dereva akampeleka stendi, akampandisha basi la kwao. Baada ya hapo mtoto akapotea. Waliogopa lawama, wakamzua mjomba. Ni uzembe, anaukiri, na yuko tayari kuadhibiwa.

Ilikuwa hadithi nzuri, na kwa dakika kadhaa Inspekta aliifuata. Aliuliza basi la kampuni gani, dereva aliyempeleka alivaa nini, tiketi ilikatwa dirisha lipi. Mkuu alijibu yote bila kusita, na hapo ndipo Inspekta alipoanza kutilia shaka. Mtu aliyekiri uzembe alikuwa anakumbuka mambo mengi mno.

"Dereva yuko wapi nimsikie na yeye?"

"Ametoka na gari, shughuli za kawaida tu."

"Na watoto wengine waliotimiza miezi mitatu, nao walipandishwa basi?"

"Wengine huchukuliwa na wazazi wao, siku ile ile." Mkuu alirudisha miwani usoni. "Uliza popote, Inspekta. Hapa hakuna mtoto aliyezidi muda. Mkaguzi anakuja wiki ijayo, na hilo ndilo jambo analotusifia kila mwaka. Nenda kwingine ukaone watoto waliosahaulika mpaka wameota ndevu. Hapa hutamkuta hata mmoja."

Inspekta akaomba kuona mabweni. Mkuu alimwita matroni bila wasiwasi wowote.

Bweni la wasichana lilikuwa mwisho wa ukumbi, nyuma ya mlango wa chuma. Matroni aliuzungusha ufunguo, ukazunguka, mlango ukakataa. Akausukuma kwa bega. Konstebo wa pili akaongeza bega lake, mlango ukalia kama mnyama, ukafunguka nusu. Matroni aliomba radhi huku akihema. Alisema yeye ni mgeni, ameanza kazi Jumatatu hii tu, na bawaba za mlango huo zimeshuka tangu kabla hajaja. Ameambiwa fundi huahidiwa kila wiki.

Ndani wasichana walisimama kila mmoja kando ya kitanda chake. Matroni aliwataja kwa siku walizofika, akisoma daftari. Huyu wa juzi, huyu wa wiki iliyopita, yule wa mwezi uliopita. Wote wapya. Inspekta alipita kitanda kwa kitanda akiwa na picha mkononi: Kasuku mwenye nywele zilizosukwa, mdomo wazi, inaonekana alikuwa bado anaongea mpiga picha alipobonyeza. Alitazama nyuso zote. Alirudia kuanzia mwanzo. Hakuwapo. Alimfikiria mama aliyefunga mkanda kule garini, na kwa mara ya kwanza tangu akabidhiwe kazi hiyo, hakujua aulize nini.

Mlango ulikuwa umejifunga kwa upepo. Msichana mmoja mrefu, ambaye matroni alisema kaletwa Jumatatu, aliambiwa akamwage maji machafu. Alichukua ndoo iliyojaa, akaenda mlangoni, akachomeka ncha ya kidole gumba cha mguu chini ya pembe ya mlango, akainua kitasa, akagonga mara moja kwa nyonga. Mlango ulifunguka bila sauti. Hakumwaga hata tone. Hakuwa ametazama chini.

Inspekta alisimama palepale.

"Yule amekuja Jumatatu hii?"

"Ndiyo, afande. Nilimpokea mwenyewe."

"Sweta mlimpa lini?"

"Stoo huwapa siku hiyo hiyo. Kila anayeingia hupimwa, akapewa la saizi yake."

Inspekta alikuwa bado anatazama mlangoni. Matroni naye alikuwa anatazama mlangoni, na yule msichana alikuwa bado machoni pake: mikono ya sweta ikiishia karibu na viwiko, sufu ya viwikoni imesagika mpaka kubaki nyuzi. Sweta la siku nne haliwi hivyo, na mtoto hakui hivyo kwa siku nne. Matroni alikaa kwenye kitanda kilichokuwa karibu bila kuombwa.

Msichana alikuwa bombani, uani, anasuuza ndoo. Inspekta alichuchumaa karibu yake ili wasitazamane kwa juu na chini.

"Ule mlango nani alikufundisha?"

"Hakuna."

"Matroni ana siku nne hapa na bado unamshinda. Nawe una siku nne hizo hizo."

Msichana aliacha maji yakafurika. Inspekta akamwonyesha picha. Msichana aliitazama, akasema taratibu, "Siku hizi hana nywele."

"Yuko wapi?"

"Kaenda kupewa jina. Leo, baada ya chai."

Akaeleza, sauti ikiwa chini kuliko ya bomba. Siku za mtoto zikikaribia kwisha, dereva humchukua kwa gari hadi kituo kidogo cha polisi cha mbali, akasema kamwokota akizurura. Askari humuuliza jina, naye hutaja alilofundishwa njiani. Kesho yake hupelekwa mahakama nyingine, kwa hakimu ambaye hajawahi kumwona, na hakimu humrudisha hapa kama mtoto mpya. Mkaguzi akija huwakuta wote wageni. Yeye amekwisha kuwa watu wanne. Matroni wanaozoea sura za watoto huhamishwa.

Inspekta alimuuliza kwa nini hakuna hata mmoja anayesema jina lake.

"Ukisema la zamani, siku zako zinaanza upya. Na mama yako anafungwa kwa kukutupa."

"Nani kakwambia?"

"Wote tunaambiwa."

"Wewe la zamani ni lipi?"

Msichana aliinua ndoo. "Mrudishe Kasuku kwanza," alisema. "Tuone."

Inspekta alirudi ofisini kwa hatua ndefu. Alimwamuru konstebo achukue simu ya mkuu na simu ya mezani, asimame mlangoni, na asimruhusu mtu kugusa gari wala karatasi. Mkuu alianza kuuliza kwa amri ya nani, kisha akaona uso wa Inspekta akaacha. Upole wote ulimtoka. Alisema watu hawaelewi. Mahakama haiwaiti watoto hawa. Faili zinapotea, hakimu anahamishwa, mlalamikaji anahama mji. Yeye ameandika, amepiga simu, amekwenda kusimama kwenye korido za watu kama ombaomba, na bila saini ya mahakama hawezi kumfungulia mtoto lango. Lakini mkaguzi akimkuta mtoto kazidi hata siku moja, anayefukuzwa kazi ni yeye.

"Wewe ungefanya nini?" aliuliza, na ilionekana kweli anataka kujua.

"Ningewaacha wazidi," Inspekta alisema. "Wangeonekana."

Mkuu alipoulizwa ni kituo gani, alikitaja mara moja.

Njiani mama hakuuliza kitu ila kimoja, kama mwanawe yu hai. Inspekta alimwambia anaamini hivyo. Mama akaendelea kushikilia mkanda wa kiti kwa mikono miwili mpaka gari liliposimama.

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja chenye kaunta ya mbao, na mtu wa usafi alikuwa ametoka kupiga deki, sakafu imejaa maji. Dereva wa nyumba ya watoto alikuwa ameegemea kaunta akitaniana na koplo wa zamu. Kando yake alisimama msichana mrefu aliyenyolewa, mikono nyuma, macho chini. Koplo alikuwa na kalamu mkononi. Alimpigia Inspekta saluti, akamweleza kwamba dereva huyu ni msamaria, anawasaidia sana kuokota watoto wa mitaani.

Inspekta alimwambia asiandike kitu. Alimweleza kila alichokiona na alichoambiwa, tangu lango hadi bomba. Koplo alisikiliza, akatazama picha, akamtazama msichana, akatazama picha tena. Picha ilikuwa ya mtoto mdogo mwenye nywele na mdomo wazi. Aliyesimama mbele yake alikuwa kitu kingine.

"Afande, sikatai," alisema. "Lakini mtoto kanitajia jina lake mwenyewe, na si hilo. Siwezi kumkabidhi mtoto kwa watu asiowajua. Wewe ungekuwa mimi ungemkabidhi?"

Inspekta alijua asingemkabidhi. Watoto huibwa hivyo hivyo. Akaenda mlangoni kumwita mama, akamkuta ameshaingia.

Mama hakukimbia. Alisimama hatua chache kutoka kwa msichana na kumtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, polepole, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia. Kisha akamwita kwa jina alilompa siku alipomzaa. Akamwita tena, Kasuku. Msichana alimtupia dereva jicho, akarudisha macho chini.

"Unamjua mama huyu?" koplo aliuliza.

"Simjui."

Dereva alitabasamu, akafungua mikono. Mtoto mwenyewe kasema, alisema, ushahidi gani tena? Inspekta akamwambia konstebo aliyekuwa akiwaendesha amtoe nje, na dereva akatolewa akiwa bado anatabasamu. Lakini neno lilikuwa limeshasemwa mbele ya askari, na koplo alikuwa ameinua kalamu. Inspekta alijua litakalofuata. Likiandikwa, msichana atalala ndani kama mtoto wa mitaani asiye na kwao. Watapelekwa mahakamani, mama atatakiwa athibitishe, faili litafunguliwa, litaahirishwa, litatafutwa, na sheria itampa mtoto miezi mitatu ya kungoja. Aliinama, akamwambia msichana kwamba dereva ameshikwa, mkuu ameshikwa, hakuna wa kumdhuru. Msichana aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa mambo mazuri mara nyingi.

Koplo alimtazama Inspekta. "Afande, niandike?"



Mama hakulia. Alivuta kanga yake mabegani, akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayezungumza na mwanawe jikoni, "Sawa, mwanangu. Usinijue. Ila mimi hapa sitoki."

Akakaa chini, pale pale, juu ya saruji iliyolowa, mgongo kwenye kaunta, miguu ameinyoosha mbele. Maji yakaanza kupanda kwenye gauni lake. Koplo alimwomba ainuke. Hakuinuka. Akamwomba tena kwa heshima, akamwita mama yangu. Mama alikuwa anatazama ukuta wa mbele.

Msichana aliyaangalia maji. Alihamisha uzito wake mguu huu, mguu ule. Midomo yake ilifunguka, ikafunga.

"Usikae chini," alisema.

Koplo aligeuka kumtazama.

"Mama, usikae kwenye maji. Mgongo ukikushika utainuliwa na nani? Siku ile ulinishika shingo tukaanguka wote, mpaka mjomba akaja kukubeba."

Koplo aliweka kalamu chini. Msichana akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, macho yamemtoka, kama aliyevunja chombo cha watu. Alimgeukia Inspekta, kwa kuwa ndiye aliyeonekana mkubwa pale.

"Nimeshasema," alisema ndani ya viganja. "Naanza moja?"

"Hapana," Inspekta alimwambia. "Umemaliza."

Hakuwa na hakika kwamba ana mamlaka ya kusema hivyo. Alitoa simu, akaanza kumtafuta hakimu wa zamu. Ilikuwa mchana wa siku ya kazi, mahakama ingali wazi, na alimtaka hakimu aende mwenyewe kwenye ile nyumba, leo, akasimame katikati ya mabweni na kuwauliza watoto majina. Simu iliita, ikakatika. Akapiga tena.

Nyuma yake mama alikuwa anajaribu kuinuka na mgongo unakataa. Koplo alizunguka kaunta kwenda kumsaidia, lakini msichana alishatangulia. Alichuchumaa kwenye maji, akapitisha mikono chini ya kwapa za mama yake, akamnyanyua mpaka akasimama. Walibaki wameshikana hivyo, na mama, alipotaka kuutazama uso wa mwanawe, ilimbidi atazame juu.